Kutoa rangi ya gari la zamani kwa upepo: chagua chembe kabla ya kuwasha kompresa

Kazi hii ni kupuliza chembe ndogo kwa hewa ya kompresa ili zing'oe rangi. Mabati mengi yanayoharibika hapa huharibika kwa sababu gari zima limepigwa kwa chembe za aina moja na presha moja. Bati la boneti, paa na milango huwa na unene wa milimita 0.8 hadi 1 hivi. Chembe ngumu zikiligonga kwa nguvu, uso wake hutanuka kama uliopigwa nyundo ndogo mara elfu, huku upande wa pili ukibaki ulivyo, na hapo bati linapinda. Wengi husingizia joto, lakini mharibifu mkubwa ni mapigo. Dalili utaipata kwa kidole: ukibonyeza katikati ya boneti, linadunda na kulia kama kifuniko cha kopo.

Hatua ya 1: Kagua. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa laini. Isiposhika, chini kuna puti nene, alumini au faibaglasi. Angalia pia maungio ya paa na nguzo, maana magari mengi ya zamani yalijazwa madini ya risasi pale, na madini hayo ni laini, huliwa haraka.

Hatua ya 2: Chagua chembe.

Kwa bati pana, alumini na faibaglasi, tumia soda ya bikaboneti au chembe za plastiki. Soda ni laini kiasi kwamba haipindi bati, ila haitoi kutu. Plastiki hutoa rangi tabaka kwa tabaka na hukusanywa ikatumika tena, lakini nayo kutu haiiwezi.

Kioo kilichosagwa kinafaa sehemu zenye mikunjo: ndani ya buti, sehemu ya injini, kingo za madirisha. Garneti, chembe za jiwe gumu, ni kali zaidi. Iachie chesisi, mikono ya saspensheni na sakafu nene. Mchanga wa kawaida usiuguse kabisa. Vumbi lake la silika huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usiopona.

Kupiga kwa chembe na maji hupunguza vumbi sana, lakini chuma kitupu chenye maji huanza kutu upesi. Weka dawa ya kuzuia kutu inayokubaliana na praima yako.

Hatua ya 3: Pima hewa. Hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Nozeli (mdomo wa kutolea chembe) yenye tundu la inchi 1/8 inataka karibu futi 20 za ujazo kwa dakika. Ya inchi 1/4 inataka mara nne yake, kwa kuwa kipenyo kimeongezeka maradufu. Nozeli iliyolika hula hewa vilevile, hivyo presha ikianza kushuka bila sababu, pima tundu kwanza.

Hatua ya 4: Ziba na ujikinge. Toa vioo, krome, raba na nyaya. Funika kibati cha namba ya chesisi. Vaa kofia inayoletewa hewa safi; barakoa ya karatasi haitoshi, hasa kwa kuwa rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi.

Hatua ya 5: Piga. Anza na psi 30 mahali pasipoonekana, kisha panda kidogo kidogo hadi rangi ianze kutoka. Nozeli iwe umbali wa sentimita 30 hadi 45, imelala nyuzi 45 au chini yake, na mkono usisimame. Doa la kutu likigoma, liache. Kuling'ang'ania ndiko kunakotanua bati.

Hatua ya 6: Maliza. Puliza mashimo yote, gonga nguzo na vizingiti kwa nyundo ya raba, puliza tena. Usishike chuma kwa mkono mtupu. Piga praima ya epoksi siku hiyohiyo.

Maswali ya wanachama

Swali: Nilitumia soda, praima ikabanduka kama ganda. Kosa liko wapi?
Jibu: Mabaki ya soda, ndugu. Huacha utando unaokataa rangi. Osha kwa maji mengi, hasa kwenye maungio, pangusa kwa siki iliyochanganywa na maji, suuza, kausha kwa hewa, kisha kwaruza kwa msasa kabla ya praima.

Swali: Paa lina kutu ya vitone. Nipige kioo paa lote?
Jibu: Hapana. Toa rangi kwa plastiki, halafu shughulikia vitone kimoja kimoja kwa nozeli ndogo na presha ya chini, au kwa dawa ya asidi ya fosfori. Paa ndilo bati gumu kuliko yote kunyoosha likishapinda.

Swali: Chembe zinatoka kwa kukatika-katika, kisha nozeli inaziba.
Jibu: Una maji kwenye hewa. Toa maji ya tangi la kompresa, funga kichujio cha unyevu karibu na tangi la chembe, na uchekeche chembe ulizokusanya. Ganda moja la rangi linatosha kuziba tundu.

Swali: Nipige milango ikiwa imefungwa mahali pake?
Jibu: Ivue, fundi. Chembe zikiingia kwenye bawaba na vizingiti, zitatoka siku ya kupiga rangi ya juu na kutua kwenye rangi mbichi.