Siku nzima na farasi waliookolewa: mwongozo kwa anayeanza kujitolea

Kituo cha kuokoa farasi kinachotegemea watu wa kujitolea kina tatizo ambalo banda la mtu binafsi halina. Leo zamu ni yako, kesho ya mwingine, keshokutwa ya mwingine tena. Farasi aliyepigwa au kuachwa na njaa anakutana na sura mpya kila kukicha. Kinachomtuliza ni kuona mambo yaleyale yakifanyika saa zilezile na kwa namna ileile, hata watu wakibadilika. Utaratibu ulio hapa chini ndio ninaoufuata na ndio ninaowafundisha wageni. Usiruke hatua, hasa mbili za kwanza.

1. Soma daftari kwanza

Kabla hujashika ndoo, soma yaliyoandikwa na zamu mbili zilizokutangulia. Nani hakumaliza chakula, nani yuko kwenye dawa na anapewa saa ngapi, nani ametengwa, nani hapendi kuguswa masikio. Ukikuta jambo hulielewi, uliza papo hapo. Kwangu mimi daftari ndilo kifaa muhimu kuliko vyote kituoni, kwa sababu farasi hawezi kumwambia mtu wa jioni kwamba asubuhi alikataa maji.

Vaa viatu imara vinavyofunika vidole, vua pete na mikufu, na zima mlio wa simu.

2. Simama nje ya banda, uangalie

Usifungue mlango bado. Angalia anavyosimama, masikio yameelekea wapi, kama uzito wake umegawanyika sawa kwenye miguu. Angalia chini: farasi mzima hunya takriban mara 8 hadi 12 kwa siku, mabonge yenye unyevu yanayovunjika kirahisi. Banda lisilo na kinyesi asubuhi ni habari mbaya kuliko banda chafu. Kisha angalia ndoo ya maji imepungua kiasi gani. Farasi wa kilo 500 huhitaji lita 25 au zaidi kwa siku, na zaidi sana wakati wa joto.

Anayepara chini kwa kwato, anayegeuka kutazama ubavu wake, anayelala na kuinuka mara kwa mara, anayegaagaa au kutoka jasho bila sababu, huenda ana koliki, yaani maumivu makali ya tumbo. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo gesi au chakula kilichokwama hakina njia ya kurudi juu. Ondoa chakula chote, mwite msimamizi na daktari wa mifugo, na chukua vipimo wakati mnasubiri. Usimpe dawa ya maumivu kwa uamuzi wako. Inaweza kuficha dalili ambazo daktari anazitafuta.

Vipimo vya farasi mkubwa aliyetulia ni hivi: joto nyuzi 37.5 hadi 38.5, mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16 kwa dakika. Mapigo utayapata kwa vidole viwili kwenye mshipa unaopita chini ya mfupa wa taya; hesabu kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ufizi uwe wa waridi na wenye unyevu; ukiubonyeza kwa kidole, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Mapigo yakizidi 60 ilhali farasi amesimama tu, hilo ni jambo la dharura. Jifunze kuchukua vipimo hivi siku ambayo farasi ni mzima, ili siku ya tatizo mkono wako usitetemeke.

3. Mkaribie kwa upande wa bega

Farasi haoni moja kwa moja nyuma yake, wala mbele kabisa chini ya pua. Mfuate kwa upande wa bega la kushoto, ukizungumza kwa sauti ya chini ili ajue uko wapi. Mguse kwanza shingoni au begani. Uso wa farasi asiyekujua uache. Akiinua kichwa na kukakamaa, simama, geuza mwili wako upande, shusha pumzi, usubiri. Akirudi nyuma hadi kwenye kona, wewe ndiye unayepaswa kuondoka ili apate njia.

Tuna farasi jike mmoja hapa ambaye mtu akiinua mkono hata kuvua kofia tu, hurusha kichwa juu na kope zake hutetemeka. Hatujui nani alimfanya awe hivyo. Tunachofanya ni kwamba kila anayeingia kwake huweka mikono chini ya usawa wa kifua, na hilo limeandikwa ubaoni kwa herufi kubwa. Siku hizi anasogea mwenyewe kunusa mifuko ya watu.

Kamba ya kumwongozea usiizungushe mkononi hata mara moja. Ikunje mikunjo bapa na kuishika katikati, na ukimfunga, tumia fundo linalofunguka kwa kuvuta ncha moja.

4. Chakula

Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake, na hutoa asidi muda wote, awe anakula au hali. Ndiyo maana nyasi ndizo chakula chake cha msingi, naye anapaswa kuzipata kidogo kidogo mchana kutwa. Kadiria asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku: farasi wa kilo 400 apate kilo 6 hadi 8 za nyasi kavu. Pima kwa mizani. Fungu la nyasi kavu la mtu mmoja ni nusu ya la mwingine, na mkibadilishana zamu farasi ndiye anayeumia.

Kama hakuna mizani ya kumpandisha farasi mwenyewe, tumia futi ya kamba. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu wa mwili kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawanye kwa 11,880. Utapata kilo za makadirio, na zinatosha kwa kupanga chakula na kufuatilia mabadiliko.

Kabla ya kulisha, zikung'ute nyasi na uzinuse. Zenye ukungu au vumbi jingi zitupe. Kubadilisha aina ya chakula kufanyike polepole, kwa siku 7 hadi 10.

Sasa tusimame kwenye jambo ambalo naomba ulisome mara mbili: farasi aliyekondeana ambaye ndiyo kwanza amefikishwa kituoni. Huruma itakusukuma umjazie ndoo ya nafaka. Usithubutu. Mwili ulioshinda na njaa kwa muda mrefu huwa umeshaanza kula mafuta na misuli yake wenyewe. Ukipokea wanga mwingi ghafla, insulini hupanda na kusukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia ndani ya seli. Damu hupungukiwa na madini hayo, na moyo na mapafu huweza kushindwa kazi. Linalouma zaidi ni kwamba hili hutokea siku chache baada ya kuanza kula, wakati kila mtu ameshaanza kufurahi kwamba amepona.

Utaratibu unaotumiwa na vituo vingi unatokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uliotumia lusini (alfalfa, majani ya malisho ya jamii ya kunde), kwa kuwa ina protini na madini kwa wingi na wanga kidogo. Siku 3 za kwanza, karibu nusu kilo ya lusini yenye majani mengi kila baada ya saa 4, usiku na mchana. Baada ya hapo kiasi huongezwa taratibu na idadi ya milo hupunguzwa. Ifikapo siku ya 6 anakuwa kwenye takriban kilo 2 kila baada ya saa 8. Kuanzia siku ya 10 anaweza kula nyasi kadiri anavyotaka. Maji na chumvi viwepo muda wote. Yote haya hupangwa na daktari wa mifugo baada ya kumpima, kwa hiyo usiongeze hata konzi moja kwa moyo mwema. Zamu ya saa nane usiku ndiyo ngumu kuipatia watu, na ndiyo ambayo uhai wake unaitegemea.

Kupima maendeleo yake, tumia kipimo cha hali ya mwili alichokitoa mtafiti wa farasi Don Henneke mwaka 1983: 1 ni mifupa mitupu, 9 ni unene uliopitiliza, 5 ni wastani. Tumia vidole pamoja na macho, maana manyoya marefu huficha mbavu. Gusa shingo, mabega, mbavu, mgongo na shina la mkia.

5. Kwato, kila siku

Simama ukitazama mkia, telezesha mkono kutoka begani hadi chini ya mguu, na uombe mguu. Farasi mzee mwenye viungo vinavyouma usimwinue juu sana. Safisha kutoka kisigino kuelekea mbele. Sehemu yenye umbo la V iliyo katikati iwe imara kama raba. Ikitoa majimaji meusi yenye harufu kali, kuna uozo na banda linahitaji kukauka. Kwato zenye joto lisilo la kawaida na mapigo yanayosikika kwa nguvu juu yake zinaweza kuwa dalili ya laminitisi, yaani uvimbe wenye maumivu makali ndani ya kwato. Usimtembeze, mwite daktari. Ukikuta msumari umeingia kwenye unyayo, usiuchomoe kabla daktari hajasema, kwani anahitaji kuona umeelekea wapi. Fundi wa kwato aje kila wiki 6 hadi 8.

6. Banda, na waliotengwa

Ondoa kinyesi na maranda yaliyolowa, fagia, acha hewa ipite. Ukiinama na kunusa mkojo ukakuchoma machoni, mapafu ya farasi yanaumia pia.

Farasi wageni hutengwa angalau wiki 3, na huhudumiwa mwisho, kwa ndoo na brashi zao wenyewe. Wapime joto kila siku. Katika ugonjwa wa tezi unaoletwa na bakteria Streptococcus equi, homa hupanda kabla usaha haujaanza kutoka puani, na siku hizo ndizo nafasi yako ya kuwakinga wengine.

7. Kabla hujaondoka

Jaza maji, kagua komeo za milango yote, kisha andika: kiasi alichokula, kinyesi, vipimo, dawa na saa uliyompa. Andika pia lile dogo unalodhani si kitu. Na ukijua kesho hutaweza kuja, sema leo, ili mtu wa kushika zamu yako apatikane mapema.