Namna ya kupima upitishaji umeme wa miamba ndani ya shimo la mshazari

Katika maeneo ya utafiti wa dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria, kuanzia Misungwi na Sengerema hadi Geita, mashimo mengi ya kuchoronga hayashuki wima. Miamba ya kale ya volkano na matabaka yenye chuma yaliyoko huko yameinama sana, na mengine yamesimama karibu kama ukuta. Kwa hiyo mchorongaji huilaza mashine yake, mara nyingi nyuzi 50 hadi 60 kutoka usawa wa ardhi, ili shimo liyakate matabaka badala ya kuteremka sambamba nayo. Mlazo huo humfaa mjiolojia, lakini humwongezea kazi fundi anayekuja baadaye kupima upitishaji umeme, kwa sababu namba anayoisoma hutokana na mwamba pamoja na pembe ambayo kwayo shimo limekutana na matabaka yake.

Maelezo haya yanahusu kifaa cha koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi. Koili moja hupitishiwa mkondo geu unaojenga uga sumaku. Uga huo huzalisha ndani ya mwamba mikondo midogo inayolizunguka shimo kama pete, na pete hizo huzalisha uga wa pili unaonaswa na koili ya kupokea. Kwa kuwa hakuna kinachohitaji kugusana na mwamba, kifaa hufanya kazi hata katika shimo kavu au ndani ya bomba la plastiki. Kifaa cha elektrodi, yaani kile kinachopitisha mkondo moja kwa moja kwenye mwamba, kinyume chake, huhitaji maji shimoni. Bomba la chuma, hata hivyo, huipofusha koili kabisa, hivyo waulize wachorongaji ni mita ngapi za bomba hilo zimebaki juu, na kama kuna kipande cha fimbo kilichokatikia chini. Kisha tangulia kuteremsha kipande cha bomba chenye unene na urefu sawa na kifaa chako, kwa maana ni heri kukwamisha bomba kuliko kukwamisha koili.

Kazi ya kutafuta sifuri, yaani usomaji wa kifaa kikiwa mbali na chochote kinachopitisha umeme, ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Itale kavu yenye ukinzani wa omu-mita 5,000 ina upitishaji wa milisiemensi 0.2 tu kwa mita. Sifuri ikipotoka kwa milisiemensi 2, kosa linakuwa mara kumi ya kitu unachokipima. Kining'inize kifaa mita kadhaa juu ya ardhi, mbali na gari, mashine na fimbo za chuma, huku ukijiepusha na udongo mweusi wa mbuga, ambao wenyewe hupitisha umeme vizuri. Ardhi ya luseni, yaani ya kichanga, karibu na vilima vya mawe ni bora zaidi. Hakiki pia usomaji kwa pete ya urekebishaji iliyokuja na kifaa. Baada ya hapo kiteremshe na ukiache ndani ya maji ya shimo kwa dakika 20 hivi, kwani kifaa kilicholala juani tangu asubuhi hubadilisha sifuri yake kadiri kinavyopoa. Rudia ukaguzi wa sifuri mara kitakapotoka.

Upimaji wenyewe hufanywa wakati wa kuvuta kifaa kwenda juu, kwa mwendo wa mita 3 hadi 5 kwa dakika, ili kebo ibaki imekazwa. Katika shimo la mshazari kifaa hulala juu ya ukuta wa chini na kebo husuguana na mwamba njia nzima. Siku moja, katika shimo la upande wa Sengerema, kaunta ya winchi ilinionyesha kwamba nimeteremka mita 6 zaidi ya pale kifaa kilipokuwa, kwa sababu kilikuwa kimetua juu ya udongo wa ufa huku kebo ikiendelea kujikunja nyuma yake. Tangu siku hiyo huweka kiganja juu ya kebo mdomoni mwa shimo: ikilegea ghafla, winchi inasimamishwa hapo hapo.

Njia ya shimo nayo lazima ipimwe, kwa sababu shimo lililoanza na nyuzi 60 halibaki hivyo hadi mwisho. Kama lingebaki, mita 120 za kebo zingekuwa kina cha wima cha mita 104. Usitegemee dira ya sumaku ndani ya matabaka yenye magnetaiti, madini ya chuma yenye usumaku mkali, bali tumia jairo, kipima mwelekeo kisichotegemea sumaku. Magnetaiti husumbua hata koili, na wakati mwingine usomaji hushuka chini ya sifuri. Mahali kama hapo, pima pia usumaku wa mwamba kabla ya kuamini namba yoyote.

Sasa chukua sampuli zilizochorongwa na upime pembe kati ya mhimili wa sampuli na tabaka. Tuseme ni nyuzi 30, na mwamba una milisiemensi 200 kwa mita kufuata tabaka lakini 50 tu kulikatiza. Zidisha 200 kwa kipeo cha pili cha saini ya nyuzi 30, yaani 0.25, upate 50. Zidisha 50 kwa kipeo cha pili cha kosaini yake, yaani 0.75, upate 37.5; jumlisha, zidisha jumla hiyo kwa 200, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Kifaa kitasoma takriban 132, namba isiyo ya upande wowote wa mwamba huo. Unene nao hupungua: mita 8 zilizopimwa kwa kebo ni tabaka la mita 4.

Jambo la mwisho ni vichomo vya mipakani. Pete za mkondo zinapokatiza mpaka kwa mshazari, chaji hujikusanya hapo na mchoro huruka kwa ghafla, kana kwamba kuna mshipa mwembamba wa salfaidi, yaani madini yenye salfa yanayopitisha umeme. Nenda kwenye sanduku la sampuli, tafuta mita hiyo, ilowanishe kwa maji na uitazame juani. Usipoona salfaidi wala grafiti, kiandike kichomo hicho kuwa ni mpaka wa matabaka, na uandike pembe kando yake.