Kabla ya kujaza kartushi nyumbani, jua namba zako zimetoka wapi

Ndugu wawindaji wa Lubumbashi, karatasi kwanza. Kibali cha kumiliki bunduki si kibali cha kutengeneza kartushi. Kaulize kwa wakubwa wanaohusika kabla hujanunua hata kopo moja la baruti.

Kipimo cha baruti kichukue kwa mwenye kuitengeneza. Hodgdon wa Marekani na Vihtavuori wa Finland wanaweka majedwali yao kwenye intaneti, bure. Picha ya jedwali inayozunguka WhatsApp usiifuate, hata kama ametuma mzee unayemheshimu, kwa sababu mara nyingi imekatwa pembeni. Kwa kalibre 12, bunduki ya marisasi, mstari mmoja wa jedwali unataja ganda, fataki (kile kinachowasha baruti), baruti, kizibo (kinachokaa kati ya baruti na marisasi) na uzito wa marisasi. Ukibadilisha kimoja, mstari huo si wako tena. Usipunguze, usiongeze. Kwa raifo ni tofauti: unaanzia kipimo cha chini kilichoandikwa na kupanda taratibu.

Majina ya baruti pia yanadanganya. IMR 4350 na H4350 ni baruti mbili, kila moja na jedwali lake.

Sasa vipimo, na hapa nisikilizeni vizuri. Wamarekani wanapima kwa greni, Wazungu wengi wa Ulaya kwa gramu. Greni moja ni gramu 0.0648. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni dramu. Jirani yetu mmoja, mwindaji wa siku nyingi upande wa Kasenga, alikuta boksi la kartushi za Marekani limeandikwa dramu 3. Akatafuta kwenye simu, akapata kwamba dramu moja ni gramu 1.77, akazidisha, akapima gramu 5.3 za baruti isiyo na moshi. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Lakini dramu ile ya kwenye boksi haisemi uzito wa baruti iliyomo. Inasema kartushi hii inakwenda kwa kasi ambayo zamani ingehitaji dramu 3 za baruti nyeusi. Baruti ya leo kwa kartushi ya namna hiyo kwa kawaida haifiki hata gramu 2. Mtutu ulipasuka pale mkono wa kushoto unaposhika. Yuko hai, ila gumba na kidole cha shahada hana, na shamba lake sasa wanalima wanawe. Mtu makini, anayepima mara mbili! Ndiyo maana naiandika.

Kwa hiyo: dramu ya kwenye boksi usiipime kamwe. Na kila namba unayonakili, andika pembeni kama ni greni au gramu.

Bunduki yenyewe iangalie. Zile za mababu zilizotengenezwa Liège, Ubelgiji, nyingi zina chumba cha kartushi cha milimita 65. Kartushi ya milimita 70 inaingia, lakini ganda likifunguka linabana njia na shinikizo linapanda. Soma mihuri chini ya mitutu. Pupu, yaani bunduki za kienyeji, na mitutu ya zamani ya baruti nyeusi, isionje baruti isiyo na moshi.

Mezani liwe kopo moja tu la baruti. Isikae kwenye chupa ya soda, isikae karibu na mbabula (jiko la makaa). Simu zima. Watoto nje. Ukiitwa katikati ya kupima, mwaga ulichopima uanze upya. Na kopo lisilo na lebo, hata ukipewa bure, usilitumie.