Somo: Namna ya kusoma msimamo wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, mtoano unapokaribia

Kila Desemba napigiwa simu zilezile. "Kaka, sisi tumeshinda mechi 10 tuko nje, wale wameshinda 9 wako ndani. Huu si wizi?" Si wizi. Naishi Minnesota, na kuanzia wiki ya 14 ya msimu mlango wa friji yangu huwa na karatasi ya penseli ambayo mke wangu ameshachoka kuiulizia. Leo nawapa karatasi hiyo. Aliyezoea msimamo wa Ligi Kuu Bara aweke kando pointi tatu na tofauti ya mabao, huku hazitumiki.

Hatua ya 1: Chora majedwali manane, usichore moja

Timu ni 32, zimegawanywa pande mbili: AFC na NFC, timu 16 kila upande. Kila upande una makundi manne ya timu nne nne: Mashariki, Kaskazini, Kusini na Magharibi. Timu hucheza mechi 17 tu, kwa hiyo haiwezi kukutana na kila mtu. Ila kila mwenzake wa kundi hukutana naye mara mbili, nyumbani na ugenini. Vita ya kweli iko humo kundini, na anayepanga timu zote 32 kwenye orodha moja ndefu amepotea kabla hajaanza.

Hatua ya 2: Zungushia duara kinara wa kila kundi

Vinara wanne wa kila upande wanaingia bila mjadala, na ndio wanaopewa namba 1 hadi 4 kwa kufuata wingi wa ushindi. Hata kinara awe dhaifu kiasi gani. Msimu wa 2010 Seattle Seahawks waliongoza kundi lao kwa ushindi 7 na vipigo 9. Wakawapokea nyumbani New Orleans Saints waliokuwa na ushindi 11. Watu walicheka sana wiki ile. Seahawks wakashinda 41-36, na mkimbiaji wao Marshawn Lynch alikimbia yadi 67 na mpira huku akiwapangusa walinzi mmoja mmoja, mashabiki wakaruka hadi vipimo vya tetemeko la ardhi vikanasa mtikisiko.

Hatua ya 3: Chukua watatu kati ya waliobaki

Hapa ndipo wingi wa ushindi unapoamua bila kujali kundi. Watatu bora wanakuwa namba 5, 6 na 7. Jumla ni timu 7 kila upande, utaratibu ulioanza msimu wa 2020. Namba 1 peke yake ndiye anayepumzika raundi ya kwanza. Namba 2 anampokea 7, 3 anampokea 6, 4 anampokea 5. Raundi inayofuata namba 1 anapewa aliye chini kuliko wote waliosalia, kwa hiyo usichore njia mpaka fainali kama unavyofanya Kombe la Dunia. Mechi ni moja, hakuna marudiano.

Niruhusuni nilie kidogo. Januari 5, 2025 Vikings wetu wa Minnesota walikwenda Detroit kwa Lions, na timu zote mbili zina ushindi 14 na vipigo 2, kundi moja. Mshindi anakuwa namba 1 na kupumzika, anayefungwa anaporomoka hadi namba 5. Tukachapwa 31-9. Tukiwa na ushindi 14 tukaondoka kwenda kucheza na Los Angeles Rams wenye 10! Mechi ikahamishiwa Arizona kwa sababu ya moto wa Los Angeles, na mrushaji wetu wa mpira, Sam Darnold, akaangushwa akiwa na mpira mkononi mara 9. Kipigo 27-9. Lions nao, baada ya mapumziko yao, wakatolewa nyumbani na Washington 45-31. Sijasema nilifurahi.

Hatua ya 4: Tenganisha waliolingana

Hapa tulia. Waliolingana ndani ya kundi moja: angalia kwanza walipokutana wenyewe kwa wenyewe, halafu rekodi ya kila mmoja ndani ya kundi, halafu mechi dhidi ya wapinzani waliokutana nao wote, ndipo rekodi ndani ya upande wao. Wa makundi tofauti: wenyewe kwa wenyewe kama walikutana, kisha moja kwa moja rekodi ya upande. Ndiyo maana timu yangu ikifungwa na ya upande mwingine mimi siungui sana: kipigo hicho hakiingii kwenye rekodi ya upande. Wakilingana zaidi ya wawili na baadhi ni wa kundi moja, wa kundi moja watenganishwe kwanza. Sare huhesabiwa nusu ushindi, nusu kipigo.

Hatua ya 5: Andika na mechi za wengine

Januari 9, 2022, Las Vegas, mechi ya mwisho kabisa ya msimu: Raiders na Chargers. Wakitoka sare wanaingia wote wawili na Pittsburgh Steelers wanabaki nje. Wakaenda dakika za nyongeza, humo wakafika 32-32, saa inakwisha. Zikiwa zimebaki sekunde 38 Chargers wakaomba saa isimamishwe. Raiders wakasogea yadi 10 zaidi, mpiga teke wao Daniel Carlson akapiga la yadi 47 la pointi tatu, 35-32. Chargers nje, Steelers ndani bila kugusa mpira usiku ule.

Maswali ya wadau

*Mdau wa Nairobi: Ushindi 11 si unatosha kila mwaka?*
Hapana, ndugu. Mwaka 2008 New England Patriots walishinda 11 wakabaki nje, Chargers wakaingia na 8 kwa kuongoza kundi. Lakini wakati ule kila upande ulipeleka timu 6.

*Mdau wa Mwanza: Mtoano ukiisha sare je?*
Wanaendelea mpaka mshindi apatikane, na timu zote mbili lazima zipewe mpira. Zamani haikuwa hivyo. Januari 2022 Buffalo Bills walifungwa na Kansas City Chiefs 42-36 bila kushika mpira dakika za nyongeza, kelele zikapigwa, sheria ya mtoano ikabadilishwa mwaka huohuo.

*Mdau wa Dar: Kocha, kwetu ni saa ngapi?*
Majira ya baridi New York iko nyuma yenu kwa saa 8. Mechi ya saa saba mchana huko, kwenu ni saa tatu usiku, hiyo unaangalia na chakula mkononi. Ya saa 2:20 usiku inaangukia saa 10:20 alfajiri. Super Bowl, yaani fainali, huanza kama saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Mdogo wangu wa Tanga hulala mara baada ya swala ya Isha, anaweka alarm, na bosi wake anaambiwa kuanzia Ijumaa kwamba Jumatatu tumbo litauma.