Somo: Makosa yanayoua blogu kabla haijatimiza mwaka

Pitia blogu zilizofunguliwa na vijana wa huku Kisumu na vitongoji vyake, utakuta zinafanana kama mapacha. Posti ya kwanza ni "Karibuni kwenye blogu yangu". Ya pili ni faida za kunywa maji ya ndimu asubuhi. Ya tatu imenyofolewa gazetini, tena na makosa yake ya chapa. Baada ya hapo ni kimya. Ukimuuliza mwenyewe, atakwambia bando ni ghali, Google inapendelea wakubwa, Wakenya hawasomi. Mimi naona kilichomshinda ni kimoja tu: aliishiwa la kusema.

Kwa hiyo hatua ya kwanza hapa chini ni ndefu kuliko zingine. Hapo ndipo blogu nyingi huzikwa.

Hatua ya 1: Tafuta chanzo kabla ya kutafuta jina

Kosa kubwa ni kuchagua mada kwa sababu umesikia inalipa. Mtu yuko Manyatta, anachambua simu za laki moja ambazo hajawahi kuzishika, na anashindana na tovuti zenye waandishi wa mshahara wanaotumiwa simu hizo mapema. Hata akiandika vizuri, hana anachojua ambacho wao hawakijui.

Jiulize hivi: ni kitu gani ninachokiona kila wiki, ambacho mtu aliye mbali anakihitaji na hana wa kumuuliza?

Tuchukue omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Mama anayeuza omena Nakuru au Eldoret anataka kujua mambo machache kabla hajatuma pesa: bei ya mzigo imeshuka au imepanda? Zimekauka, au zimenyeshewa? Zina mchanga? Wewe unaishi karibu na soko la Kibuye na Jumapili, siku soko linapofurika, unapita pale hata kama huna shughuli. Tayari una kitu ambacho mwandishi wa Nairobi hana.

Sasa chimba. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka sana, taa zinapoteza nguvu ya kuwavuta samaki, wavuvi wengi wanabaki ufuoni na mzigo sokoni unapungua. Hiyo ni posti, tena inayorudi kila mwezi, kwa sababu msomaji wako anaweza kupanga ununuzi wake kwa kalenda ya mwezi. Omena hukaushwa juani, juu ya nyavu au chini mchangani. Mvua ikiwanyeshea wanaharibika, na mzigo mwingi huishia kuwa chakula cha kuku. Hiyo ni posti nyingine, na imekuletea wafugaji wa kuku kama wasomaji. Kuna msimu wa kufunga uvuvi. Kuna gorogoro, lile kopo la kupimia, iliyobonyezwa chini ili ipime pungufu. Kuna namna ya kumwaga konzi moja ya omena kwenye karatasi nyeupe, ukaitikisa, na kuona mchanga unaobaki. Ukipiga picha hiyo karatasi, umemaliza kazi ya maneno mia tatu.

Zoezi: kabla hujafungua chochote, andika vichwa ishirini vya posti kwenye daftari. Ukikwama kwenye cha saba, mada si yako. Badilisha.

Na chanzo si lazima kiwe macho yako peke yako. Mwanzoni mwa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipokuwa zimeshika Kisumu, Nakuru na Eldoret na serikali imezuia matangazo ya moja kwa moja, Ory Okolloh aliwaomba wasomaji wa blogu yake, Kenyan Pundit, wamtumie habari za walichokiona. Zikawa nyingi kumzidi mtu mmoja. Akatoa wazo la kuziweka kwenye ramani, na hapo ndipo jukwaa la Ushahidi lilipozaliwa. Hakuwa na chumba cha habari. Alikuwa na wasomaji waliokuwa mahali tukio lilipo.

Hatua ya 2: Jina liwe mikononi mwako

Kuanzia Blogger, ambayo imekuwa ya Google tangu 2003, si aibu wala kosa. Ni bure, na anwani itaishia na blogspot.com. Ukiamua kununua domeni, yaani anwani yako mwenyewe, ya .co.ke, inayosimamiwa na shirika la KeNIC na kuuzwa na mawakala wake, hakikisha imesajiliwa kwa jina lako na barua pepe yako. Hili linaua blogu nzuri kabisa: fundi ndiye aliyesajili, kwa barua pepe yake, mwaka umeisha, notisi ya kulipia imemfikia yeye, naye alishahamia Mombasa na kubadilisha laini. Domeni inarudi sokoni, na mwingine anaichukua.

Ukitumia programu ya WordPress kwenye hosti ya kulipia, yaani kompyuta ya kukodi inayohifadhi blogu yako, kuna kazi ya ziada: kusasisha programu na kutunza nakala ya kila kitu nje ya hosti hiyo. Kama huna hamu na kazi hiyo, baki Blogger.

Hatua ya 3: Andikia mtu mwenye simu na bando ya kupima

Picha moja ya simu za siku hizi inaweza kufika MB 4. Weka sita bila kuzipunguza, umemwambia msomaji akupe MB 24 ili asome posti moja. Aliyeweka bando ya Sh20 hatasubiri. Atarudi nyuma kabla picha ya pili haijafunguka. Punguza kila picha iwe chini ya KB 200 kabla ya kuipandisha. Programu za bure za kazi hiyo zimejaa kwenye simu. Ondoa pia muziki unaojipigia wenyewe, saa inayozunguka pembeni na theluji inayodondoka. Theluji, Kisumu!

Hatua ya 4: Kichwa kiseme ndani mna nini

"Tafakuri za jioni" hakuna anayeitafuta. "Namna ya kutambua omena wenye mchanga kabla ya kulipa" inatafutwa. Aya ya kwanza ianze kujibu, salamu ziache. Ukitaja bei, taja tarehe na soko ulikoipata, maana bei isiyo na tarehe ni hasara kwa anayeiamini.

Kuhusu ratiba: posti moja kwa wiki kwa mwaka mzima inashinda posti kumi na nne za wiki mbili za kwanza. Wengi huanza na mbio wakaishia kulala.

Hatua ya 5: Usinakili

Kwa maandishi na kwa picha pia. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haisemi kwamba picha iliyoko mtandaoni ni ya kila mtu, na kuandika "picha kwa hisani ya Google" hakukuokoi. Google haikupiga hiyo picha.

Hatua ya 6: Pesa zije zikikukuta kazini

Anayefungua blogu leo na kuomba matangazo kesho anajaza ukurasa mabango kabla hajawa na cha kusomwa. Kwa AdSense, mpango wa matangazo wa Google, hulipwi mpaka salio lifike dola 100, na likifika dola 10 wanakutumia PIN kwa barua ya posta ili kuthibitisha anwani yako. Kubofya matangazo yako mwenyewe, au kuwaomba ndugu wabofye, ndiyo njia fupi ya kufungiwa akaunti.

Kwa blogu ndogo ya mtaani, mimi ningeanza kwa wenye biashara wanaotaka wasomaji hawahawa: duka la dawa za mifugo, mwenye pikapu ya kubeba mzigo, anayeuza vifaranga. Mwenye duka wa Kondele haulizi una wasomaji wangapi Marekani.

MASWALI YA WANACHAMA

Nyar Ahero: Asante mwalimu kwa somo. Mimi sina laptopu, nina simu tu. Nitaweza kweli?

Jibu: Utaweza, dada. Andika kwanza kwenye programu ya kuandikia maelezo ndani ya simu, usiandikie moja kwa moja kwenye blogu, kwa sababu mtandao ukikatika unapoteza kila kitu. Kinachosumbua kwenye simu ni kupanga muonekano. Kazi hiyo ifanye mara moja kwenye kompyuta ya saiba, chagua muonekano mweupe usio na mapambo, kisha usiuguse tena.

Mkulima Molo: Mwalimu, mimi ni wa viazi. Blogu za viazi ni nyingi mno, si nimechelewa?

Jibu: Za kueleza "jinsi ya kupanda viazi" zimejaa, ni kweli, na nyingi zimenakiliana. Chukua kipande unachokijua wewe. Kanuni za viazi za 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, lakini wewe unajua shambani kwako wanunuzi wanakuja na magunia gani. Andika hilo: dalali anasema nini, mkulima akikataa inakuwaje, na wale waliopima kwa mizani walipata tofauti gani. Halafu viazi aina ya Shangi huchipua upesi, havikai ghalani. Mkulima wa Molo analazimika kuuza wakati gani? Hayo hayamo kwenye blogu hizo zingine. Hayo hayamo kwenye blogu hizo zingine.

Kaka wa Khayega: Nilianza na udaku wa siasa za kaunti. Siku ya kwanza wasomaji walimiminika, wiki ya tatu hakuna mtu. Tatizo nini?

Jibu: Udaku una wasomaji wasiokujua wewe. Wanafuata jina la mheshimiwa, na kesho jina hilo liko kwenye Facebook bure. Tena una hatari, kwa sababu kumchafulia mtu jina bila ushahidi kunaweza kukupeleka kortini, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 si ya kuchezea. Kwenu kuna vita vya fahali. Nani anamfuga, anamlisha nini, anamwandaaje wiki ya pambano, nani anaamua ameshinda? Mimi ningeisoma hiyo kila wiki, na wale wa kwenu walioko Nairobi na ughaibuni wangeisoma kabla yangu.

Fundi_Nyalenda: Miezi mitano sasa, wasomaji kumi kwa siku. Niendelee ama niache?

Jibu: Idadi peke yake hainiambii kitu, kaka. Fungua Search Console ya Google, ni bure. Itakuonyesha maneno ambayo watu waliandika Google ikawaonyesha ukurasa wako, hata kama hawakuubofya. Ukikuta swali linalojirudia ambalo hujalijibu, umepata posti ya wiki ijayo. Ukikuta hakuna neno lolote linalohusu mada yako, rudi hatua ya kwanza. Na kama hao kumi ni walewale wanaorudi, waulize wanataka nini. Wengi wetu huku tungefurahi kuwa nao.

Mama Duka Nakuru: Hiyo barua ya PIN inafikaje na mimi sina sanduku la posta? Na kodi je?

Jibu: Mama, tumia sanduku la mtu unayemwamini, la kanisa au la shule, kwa ruhusa yao. Jina lako liandikwe kamili, na anayelifungua ajue kuna barua inakuja. Mpango huo ufanye kabla salio halijafika dola 10, kwa maana ikipita miezi minne tangu PIN ya kwanza itolewe bila kuiingiza, matangazo husimamishwa. Isipofika unaweza kuomba nyingine. Kodi ipo: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 5 kwa mkazi anayelipwa kwa maudhui ya kidijitali. Mapato yako yatangaze KRA unapojaza ritani, na ukiuza tangazo kwa jirani mwenye duka, mwandikie risiti na ubaki na nakala.