Grime ya mwanzo: uanzie wapi
Grime ni muziki wa London wa kufokafoka juu ya midundo ya kielektroniki. Usiisikilizie kwenye spika ya simu: besi ya chini itamezwa, ubaki na makofi matupu. Vaa hedifoni.

Anza na "Pulse X" ya Musical Mob (2002). Hesabu: kila baa 8 (vipimo vya mdundo) mdundo unageuka, MC (mfokaji) mwingine apokee maiki. Kisha "Eskimo" ya Wiley, mwaka huohuo. Toleo lisilo na ngoma ndilo tamu zaidi, besi inaachwa ielee peke yake. Halafu Dizzee Rascal: "I Luv U", na albamu "Boy in da Corner" (2003), iliyotwaa Mercury, tuzo ya albamu ya mwaka ya Uingereza.

Ukinunua santuri ya inchi 12 yenye lebo nyeupe (isiyochapishwa jina), usiamini maandishi ya kalamu. Iinamishe kwenye mwanga, usome namba iliyochongwa pembeni ya lebo.