Namna ya Kuchagua na Kuandaa Mvinyo Adimu kwa Karamu ya Jioni Tanga

Wazazi wanaotimiza miaka hamsini ya ndoa wanastahili kufunguliwa chupa ambayo watoto wao hawainunui kila mwaka. Hata hivyo, kwa sisi wakaao Tanga, fedha ya mvinyo adimu hupotea zaidi njiani na nyumbani kuliko dukani, na kinachoipoteza ni joto. Mvinyo wa kutunzwa hutaka giza na nyuzi joto 12 hadi 14 hivi, ilhali msimu wa kaskazi mchana wa Ngamiani au Chumbageni hupita nyuzi 30.

Anza na chakula, si na chupa. Ikiwa mezani patakuwa na samaki wa kupaka, mwenye tui zito, ndimu na pilipili, achana na mvinyo mwekundu wa Bordeaux, Ufaransa, uliotengenezwa kwa zabibu za Cabernet Sauvignon, kwani ukakasi wake huzidisha ukali wa pilipili na mara nyingi huacha shombo kinywani unapokutana na samaki. Riesling, mvinyo mweupe wa Ujerumani, yenye utamu kidogo hupatana vizuri na nazi na viungo. Mwekundu uliokomaa utafutie mbuzi wa kuchoma aliyepakwa chumvi tu. Mpishi akishikilia pilipili yake, badilisha mvinyo; karamu ni ya watu na chakula chao kwanza.

Kwenye ununuzi usione haya kuuliza maswali. Bei hupandishwa na uchache: shamba la zabibu la Romanée-Conti kule Burgundy, Ufaransa, halifiki hekta 2, na wanaolitamani wametapakaa dunia nzima. Uchache huo huo huwavuta matapeli, na mwaka 2014 mahakama ya New York ilimhukumu Rudy Kurniawan kifungo cha miaka 10 kwa kuuza mvinyo bandia wa majina makubwa. Muulize muuzaji chupa ilitoka wapi na ilihifadhiwaje, kisha uikague mwenyewe. Kizibo kilichotokeza juu, au michirizi inayonata shingoni, ni dalili kwamba mvinyo ulipata joto ukavuja. Chupa iliyosimamishwa dirishani penye jua mimi nisingeinunua hata kwa nusu bei.

Ukiitoa Dar es Salaam, ifunge kwa taulo ndani ya sanduku lenye barafu na ukae nayo ndani ya gari, kwa kuwa buti la basi huchemka. Nyumbani ilaze kwenye friji, mbali na mlango unaofunguliwa kila mara. Kwa wiki chache haidhuriki. Siku mbili kabla ya karamu isimamishe wima, humo humo kwenye friji, ili mashapo yatue chini.

Kuifungua ni kazi ya mkono mtulivu. Kizibo cha zamani hukatika upesi, hivyo kizibuo kiingie katikati na kivutwe taratibu. Nusa kwanza: harufu ya boksi lililolowa maji ina maana kizibo kimeuharibu mvinyo, nao haufai kuandaliwa. Kama ni mzima, washa tochi nyuma ya shingo ya chupa na umimine kwenye jagi la kioo bila kusita, maana kila ukisita mashapo hutibuka. Utaona mvinyo ukipita mwangavu, kisha uzi mweusi mwembamba utakaribia shingoni. Hapo acha, hata kama kimebaki kiasi cha vidole viwili. Mvinyo mkongwe sana uandaliwe papo hapo, kwa kuwa harufu yake huisha haraka ukikaa wazi.

Chupa ya mililita 750 hutoa glasi sita za mililita 125, kwa hiyo hesabu wanywaji mapema. Wasiokunywa, ambao hapa kwetu ni wengi, waandalie madafu au juisi ya ukwaju katika glasi nzuri zile zile, zifike mezani wakati mmoja na mvinyo. Mwekundu unywewe kwenye nyuzi 16 hadi 18. Liweke jagi ndani ya bakuli la maji yenye vipande vichache vya barafu, na umimine kidogo kidogo, kwani glasi iliyojaa hupata joto kabla mgeni hajafika nusu.